Jeuri Si Kosa

Mwanangu Sudi,

Barua hii sina anwani ya kuipelekea, ndiyo maana naiacha wazi, asome atakayesoma. Pengine yuko mtu huko ng'ambo ya mpaka anayekufahamu, atakuambia baba yako bado yu hai hapa Rusimbi. Akisema bado ni mbishi, usimwamini. Ubishi umeniisha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifuata mahakamani nilipokuwa karani? Ulikaa benchi la mashahidi ukila karanga, maganda unayasukuma kwa mguu chini ya meza ya hakimu. Jioni ukanishtaki kwa mama yako: "Mheshimiwa, huyu mzee kanichapa bila kifungu!" Tulicheka mpaka machozi. Hayo nilikufundisha mwenyewe. Mtu hakamatwi kwa kuchukiza, nilikuambia, hukamatwa kwa kosa, na kosa lazima liwe limeandikwa.

Ukaja mwaka ule wa wakimbizi wa Kirundi. Boti zilishusha watu Kibirizi mchana kutwa, na sisi wenyeji tukaanza kuulizwa ni akina nani. Wewe ulikuwa unarudi kutoka Kidahwe kwa wajomba zako, umepeleka sare za shule ulizoshona Mwanga. Pale kwenye kizuizi cha polisi barabarani, koplo mmoja akakusikia unazungumza na abiria mwenzako Kiha chetu, kinachokaribiana na Kirundi, akasema, "We Mrundi, shuka." Nawe, mtoto wangu kabisa, ukamjibu, "Mimi kwetu hapa, afande. Wewe ndiye uliyeletwa na uhamisho." Gari zima likaangua kicheko. Nadhani kilichokuponza ni kile kicheko.

Nilipofika kituoni ulikuwa umekaa sakafuni, mkanda wamekuvua. Ukaniamkia kwa sauti ndogo. Nikaitikia nusunusu, macho yangu yako kwenye kitabu cha mahabusu. Kimeandikwa: jeuri kwa askari. Astaghfirullah! Nikamuuliza koplo kosa hilo liko katika sheria gani. Matusi ya kuvunja amani, sawa, ni kosa. Kumzuia askari kufanya kazi yake, ni kosa. Kumjibu kwa ukali si kosa, na wala humkamati mtu kwa hilo. Nilipaza sauti makusudi, wasikie hata waliokuwa nje.

Wewe ukasema, "Baba, muombe tu radhi twende nyumbani."

Nikakukaripia. Nikasema hatuombi radhi kwa kosa ambalo halipo. Nilikuwa najisikia, Sudi. Miaka yote ile ya kuandika maneno ya wenzangu, siku hiyo nilikuwa nasema yangu.

Mkuu wa kituo akatoka ofisini, akanisikiliza, akamwambia koplo, "Mzee anasema kweli. Huwezi kumweka mtu ndani kwa jeuri." Nikajiona nimeshinda. Koplo hakubisha. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya neno jeuri, akaandika chini yake: mgeni asiye na kibali. Kisha akaniomba, kwa adabu kabisa, cheti chako cha kuzaliwa.

Sikuwa nacho. Mimi niliyewaandikia nusu ya Rusimbi viapo vya kuzaliwa, mwanangu mwenyewe sikumwandikia, kwa kuwa kila mtu alikujua. Nikakimbia kumtafuta hakimu. Kesho yake asubuhi nikarudi na kiapo chenye muhuri, nikakuta lori limeshaondoka na wote waliokuwa ndani, kuelekea mpakani Manyovu. Mama mmoja wa Kasulu alikuona ukivushwa mpaka. Tangu siku hiyo, kimya.

Mama yako ananiwekea chakula, ananikaribisha, anaondoka. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Uhamiaji nimekwenda mpaka wananitambua kwa kikohozi. Wanasema mhusika aje mwenyewe ajieleze. Aje vipi na wao ndio wamemvusha? Nikiuliza hivyo wananitazama kama niliyechanganyikiwa, na labda ndivyo nilivyo. Redio inasema huko watu wanauawa. Huko humjui mtu hata mmoja, mwanangu. Nilikuwa nikikuombea urudi. Siku hizi naomba tu uwe umepata mahali pa kulala, na hata hilo naliomba bila imani.

Juzi nilivaa kanzu yangu ya Ijumaa, nikaenda kituoni kumuomba koplo radhi. Nilikuwa tayari kupiga magoti mbele ya watu. Kijana wa kaunta akaniambia koplo huyo alihamishwa zamani. Nikamwambia basi pokea wewe, baba. Mwanangu alimjibu askari vibaya, na mimi nikasimama nikamtetea.

Akafungua kitabu, akakifunga.

"Lakini mzee," akasema, "hilo mbona si kosa?"

Nisamehe wewe, Sudi.

Aliyekutetea,
Baba yako