Kisahani cha Mashine ya Baba

Mtwara, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na migomba iliyoangushwa na upepo umeiinua? Mimi ni mzima. Nabangua korosho, vidole vimebabuka kwa utomvu, lakini nakula. Tangu tumzike Baba, Jumapili ndiyo inakuwa ndefu.

Aliyenifanya nishike kalamu ni Shemeji Deo. Alipoichukua mashine ya sinema ya Baba kuiweka hotelini kwake Bukoba, aliahidi kuitunza. Juzi amenitumia picha yake. Ameipaka rangi ya dhahabu mpaka tundu la kutilia mafuta limeziba. Mtu wa namna hiyo ukimpa jembe atalitia vanishi.

Kisha akanipigia kulalamika kwamba akiizungusha, picha zinachuruzika ukutani kama uji. Nikamuuliza kile kisahani cha mapanga matatu kinachozunguka mbele ya taa kiko wapi.

"Nilikitupa hapo hapo Kagoma, uani kwa Mama, shemeji. Kinaziba mwanga. Kitu cha kuziba taa kina faida gani?"

"Kope zako nazo zinaziba macho. Mbona hujazing'oa?"

Akacheka. Alidhani namtania.

Baba alinionyesha nikiwa darasa la tatu: picha ikisogea, panga linafunika taa, picha ikitulia, panga linaachia. Bila hivyo hakuna sinema. Alizungusha mpini kwa mkono, taratibu, shuka lako la harusi likiwa ukuta. Picha zile hazikuwa na sauti, kwa hiyo yeye ndiye aliyewasemea Wazungu wote, na wote walisema Kihaya.

Sasa Deo anasema asipokipata kisahani, ataturudishia mashine, hataki takataka mbele ya wageni wake. Atakuja kwako Jumamosi kukitafuta. Nakujua, Mama, utataka kumsaidia. Tafadhali usimsaidie. Kile kibati ulichoniambia umekiokota uani ukakitundika kibanjani, kwenye migomba, kufukuza ndege kwenye maharage, ndicho hicho.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa baiskeli. Nisalimie na Dada Koku, mke wa huyo huyo Deo; kosa lake ni moja tu, la kumkubali.

Uongo usiseme. Deo akiuliza, mpe chai, umwambie kiko kibanjani, kinafanya kazi. Hatakifuata. Viatu vyake haviingii kwenye udongo.

Mwanao anayekukumbuka,
Kemilembe