Simu Haikuwa na Kosa

Gorno Drenovo,
Alhamisi, 14 Novemba

Mdogo wangu Ognyan,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi yangu Rumyana. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba upepo wa Burgas haujaanza kuwatesa. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na hayo umri wake unaujua. Plamu mwaka huu zilizaa hadi matawi yakavunjika. Nyingine nimezikausha, nyingine zimekwenda kwenye pombe ya rakia. Kuku wamegoma kutaga tangu Oktoba na mimi nimeacha kubishana nao.

Najua umeshangaa kupata karatasi kutoka kwangu baada ya miaka tisa ya kununiana. Ningeweza kukuandikia kwa simu, lakini kwenye simu nikiandika neno linaloniumbua ninalifuta na hakuna anayejua. Hapa nikifuta utaona wino.

Nimesikia yaliyowapata. Nimeambiwa watu walimpigia Rumyana kumpa pole ya kifo chako, akaketi sakafuni jikoni huku akikusikia unaimba bafuni. Nimeambiwa pia umesema dada yako amekuzika ukiwa hai, na kwamba amefanya makusudi. Sikufanya makusudi, Ognyan. Ila kuna jambo jingine nililifanya makusudi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na simu yenyewe. Binti yangu Milena aliniletea Pasaka ya mwaka juzi, simu ya kupangusa, kubwa kama sahani ya kuwekea jibini. Siku tatu za mwanzo ilinitoa jasho. Vidole vyangu vimekauka kwa kazi, na kioo hakikutaka kuvitambua. Nilibonyeza, nikabonyeza, kikakaa kimya, hadi nilipogundua kwamba nikipulizia kidole pumzi kinasikia. Alama ya dole gumba ilikataa kabisa, maana dole langu halina mistari tena, kwa hiyo Milena akanifundisha kuifungua kwa kuchora herufi kwa kidole. Baada ya hapo hakuna kilichonishinda. Nilikuza maandishi, nikaweka kengele ya dawa za shemeji yako Mincho, nikajifunza kushikilia kile kinasa sauti na kuzungumza. Nikitaka kuona kitu vizuri pichani nilitanua vidole viwili nacho kikasogea. Naipenda, sitaficha. Lakini kijijini niliwaambia watu wote kwamba inanishinda. Ilinifaa hivyo, kwani asiyejua simu haulizwi kwa nini hajajibu.

Sasa karatasi za marehemu, zile tunazobandika hadharani na picha yake ili watu wamkumbuke. Siku arobaini za Mincho zilipokaribia nilituma maneno na picha kwa yule binti wa duka la kuchapa kule mjini. Nilikuwa nachemsha ngano ya kugawa kaburini, vidole vimejaa sukari, na kioo kilichokuwa kikinikataa kikaitikia vidole vilivyonata. Nikagusa picha iliyokuwa pembeni badala ya ile ya Mincho, nikatuma bila kuvaa miwani. Binti hatujui sisi, akachapa. Dereva wa gari la mikate, ambaye naye si wa huku, akazibandika kila alipoteremsha mikate: dukani, kituo cha basi, kwenye lango la kanisa na kwenye mlango wangu mwenyewe. Siku arobaini bila Mincho wetu mpendwa, na juu yake uso wako, Ognyan, unacheka.

Aliyeniambia ni Penka jirani yangu, na unaujua mdomo wake. Alisimama mlangoni, akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Nedyalka, Mincho ameota nywele huko alikokwenda?" Nilitoka na kijiko mkononi. Nikauona uso wako. Penka hakucheka muda mrefu. Alisogeza pua hadi karibu na karatasi, akasema, "Huyu si Ognyan wenu? Mbona ana ndevu nyeupe? Alipoondoka hapa hakuwa hata na mvi moja. Si ulisema hajawahi kukuletea neno? Picha umeitoa wapi, mwenzangu?"

Nikamwambia imeingia yenyewe, kwamba simu hizi huleta mambo bila kuombwa. Akaniamini. Akanionea huruma kabisa, akasema hata ya mwanawe humletea wanawake uchi wakati anatafuta bei ya mbolea. Tukazunguka pamoja tukizibandua, yeye akinisaidia, na kila niliyoibandua niliona haya zaidi kwa sababu ya msaada wake.

Picha haikuingia yenyewe. Wewe uliituma tarehe kumi na tano Septemba, pamoja na ujumbe wa sauti. Niliusikiliza siku ileile, nikiwa kwenye banda la kuku ili Mincho asisikie. Ulisema umesikia shemeji anaumwa. Ulisema unaomba radhi kwa yale ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na ukaomba ruhusa ya kuja kumuaga kabla hajaondoka. Ulisema hutakanyaga kizingiti bila yeye kukubali. Kisha nikaifungua picha, nikatanua vidole, nikakutazama kama umekonda.

Sikukujibu. Watu wanadhani Mincho ndiye aliyekukataa, kwa kuwa ndiye aliyekufukuza mezani siku ile. Mincho alikasirika juma moja tu. Aliyebaki na donge ni mimi. Ulisema mbele ya wageni kwamba dada yako amechakaa kama nyumbu wa kubebea mbao, na mama wa Penka akacheka. Niliibeba hiyo miaka tisa. Ulipoomba msamaha uliomba kwa Mincho, si kwangu, na mimi nikaona acha ungoje.

Yeye alikuulizia mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama yule mkorofi wa Burgas ameleta neno lolote, nikamjibu kwamba simu haionyeshi kitu. Mara ya pili, siku nne kabla hajafa, aliniomba nimpe simu aangalie mwenyewe. Nilimpa ikiwa imefungwa. Nilijua hajui herufi ya kuchora. Akapangusa, akapangusa tena, kioo kikabaki cheusi, na mimi nimesimama pale pembeni ya kitanda nikimwangalia. Akanirudishia, akasema, "Basi bado kanuna. Ana haki yake, maskini." Nami nikaiweka mfukoni mwa aproni.

Hukuja mazishini, na watu walikusema sana. Nilikaa katikati yao nikiwagawia mkate, na sikufungua mdomo.

Jumamosi nilikwenda kaburini. Niliongeza sauti mpaka mwisho, nikaiweka simu juu ya jiwe, nikakuacha useme yote. Dakika mbili na sekunde kumi. Nilijidanganya kwamba nitapata nafuu, na sikupata. Aliyetaka kukusikia alikuwa kitandani, nami nilikuwa na ufunguo kidoleni.

Naona aibu, mdogo wangu. Sisingizii uzee wala majonzi. Alikufa akidhani umemnunia, na wewe umekuwa ukidhani alikukatalia. Hayo mawili ni kazi yangu, wala hakuna karatasi nitakayozunguka kuibandua.

Kumbukumbu yake ya nusu mwaka itakuwa mwishoni mwa Machi. Mlango uko wazi, njooni au msije, siwezi kukudai chochote. Nisalimie Rumyana, umwombe radhi kwa hofu niliyomtia. Milena anawasalimu, naye bado hajui haya, nitamwambia Krismasi akija.

Ukitaka kunipigia hata unitukane, piga. Nitapokea. Najua kupokea, nilijua siku zote.

Ni mimi dada yako,
Nedyalka