Pikapu ya Mzee wa Kaniha

Mjukuu wangu Leokadia,

Shikamoo yako imefika Mbuba, marahaba. Babu yako hajambo, maharage tumevuna, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Unauliza ufanye nini mteja akileta gari lisilofanana na kadi yake, na mkuu wako hayupo. Swali lako limenikera, maana limenikumbusha ujinga wangu.

Nilikuwa karani mpya wa usajili wa magari Biharamulo, naogopa hata kushika muhuri. Akaja mzee wa Kaniha. Pikapu yake ilikuwa imezuiwa na polisi wa barabarani Lusahunga, na ndizi mbivu ndani yake, kwa sababu kadi ilisema ni ya kijani, naye alikuwa ameipaka rangi nyeupe.

"Binti, andika tu nyeupe."

"Mzee, subiri mkuu arudi."

"Na ndizi nazo zimsubiri?"

Alikuja siku tatu mfululizo, nami nikamjibu vilevile. Siku ya nne pikapu ilisimama mbele ya dirisha langu. Alikuwa ameipaka kijani hukohuko Lusahunga ndipo wakamwachia. Rangi ilikuwa bado mbichi, na ndizi zilikuwa zimeoza.

"Karani, gari limekubali kubadilika. Kadi yako imekataa!"

Foleni nzima ilicheka. Nikafungua kitabu cha kanuni nipate la kujitetea. Kilisema karani yeyote anaweza kusahihisha rangi, mradi aende akalione gari kwa macho yake. Kufika Lusahunga ni basi moja tu, Leokadia, nami sikuinuka kitini.

Bibi yako