Giligilani ya Shaabani

Mpendwa Baba Zahara,

Wanawake wenzangu wakifiwa na waume zao huachiwa nyumba, au duka, au mke mwenza ambaye hawakuwahi kumsikia. Wewe umeniachia samaki. Tangi zima la ngege, pampu inayokoroma nyuma ya jiko kutwa kucha, na vitanda vya kokoto visivyotaka kukaa bila mboga. Nakuandikia nikiwa nimefunga, kwa hiyo najitahidi kuuzuia ulimi, lakini ujue nimekukasirikia tangu Shaabani ilipoingia.

Unakumbuka siku tangi lilipofika? Pikapu ilishindwa na kilima chetu cha Kibuli, likabebwa mabegani mwa watu, likawekwa palepale nilipokuwa naanika nguo. Nilikuuliza nguo zitakauka wapi. Ukasema nguo hukauka popote. Kisha ukaniita, ukanieleza kama unavyowaeleza watoto wa madrasa: samaki wanachafua maji, pampu inayapandisha kwenye kokoto, mizizi ya mboga inakula ule uchafu, maji yanawarudia samaki yakiwa safi. Mboga zikifa, samaki nao wamekwisha. Nilielewa siku hiyohiyo, Mwalimu. Aliyesahau ni wewe.

Mwaka ule wa kwanza Ramadhani ilituangukia katikati ya mvua kubwa za Aprili. Mwezi mmoja kabla, Shaabani ilipoingia, ulikuwa umepanda giligilani na saladi, na kwa kuwa jua lilikuwa limejificha, zikasitawi mpaka kokoto hazikuonekana. Kila jioni kabla ya adhana ulikata mafungu, ukayaweka juu ya sahani za futari, ukawapelekea majirani. Hata Nalongo wa ng'ambo ya ua, yule mama wa mapacha, Mkristo asiyefunga, alikuwa na fungu lake. Watu wakakusifu, na sifa, mume wangu, zilikuharibu. Ukajitungia sheria: "Shaabani ikiingia, mbegu iingie."

Sasa niambie. Ni nani aliyewafundisha watoto wa mtaa huu kwamba mwaka wetu ni mfupi kuliko mwaka wa jua, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kidogo kila mwaka? Nilikuwa nawasikia wakilikariri somo hilo huku nakuna nazi. Lakini ukifika kwenye tangi, somo lako mwenyewe lilikutoka kichwani. Ramadhani ikaiacha mvua, ikarudi Machi, ikarudi Februari, na Shaabani yako ikaangukia kwenye lile jua la Januari linalofanya mabati yalie. Giligilani ikaota urefu wa kidole, ikakimbilia kutoa maua. Saladi ikawa chungu kama shubiri. Ukamlaumu muuza mbegu, ukalaumu chakula cha samaki, ukalaumu husuda, mwisho ukanilaumu mimi. Ukachukua leso yangu mpya, ambayo sijaivaa hata kwenye harusi moja, ukaitandaza juu ya kitanda iwe kivuli. Leso ikapauka, na giligilani ikatoa maua chini yake.

Nilikwambia. Nilikwambia kwa upole, nikakwambia kwa ukali, na nilipochoka kusema nikapanda mchicha pembeni, huu ambao hapa Kampala wanauita dodo, pamoja na bamia. Jua halikuufanya kitu. Ulikula sahani mbili, ukadhani nimeununua sokoni, ukausifu. Ulipogundua umetoka kwenye tangi lako, uso ukabadilika.

"Hii si mboga ya kumpelekea mtu," ukasema. "Mchicha unaota hata kwenye mtaro."

Nikakujibu kwamba ndiyo maana nimeupanda. Kesho yake ukaung'oa.

Mwaka jana saladi ilikufa yote. Maji yakachacha, na Idi ikiwa mlangoni ngege wakaelea matumbo juu. Uliwazika chini ya mgomba, umevaa kanzu. Neno "nilikwambia" lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza, kwa sababu sijawahi kukuona umenyong'onyea vile. Ukanunua vifaranga wengine wa samaki, ukasema mwakani tutaona. Mwakani gani, Baba Zahara? Baada ya Idi kubwa ukaugua, na ukaenda zako.

Eda yangu ilipokwisha, ndugu yako Idrisa alikuja na maneno ya busara. Vitanda vilikuwa vitupu, maji yameanza kunuka, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Akasema, shemeji, hiki kitu kilikuwa cha marehemu, tukibomoe tujenge stoo. Nikamwomba anipe mpaka Ramadhani. Samaki wakifa, abomoe, sitamzuia. Alipoondoka tu, Nalongo akaniita pale uani.

"Mama Zahara, mwaka huu ile majani ya Mwalimu iko?"

Niliingia ndani nikalia. Sitakuficha.

Shaabani ikaingia, nikasimama mbele ya tangi na kopo lako la mbegu za giligilani mkononi. Jua lilikuwa lilelile. Nikizipanda, nitakuwa nimeifuata sheria yako, na samaki wako watakufa, na Idrisa atakuja na nyundo. Nilikugombeza kwa sauti, peke yangu, mpaka nadhani majirani walianza kuniombea. Kisha nikalifunika kopo, nikapanda mchicha, bamia na matembele.

Mchicha haukuniuliza jua limetoka wapi. Mwezi ulipoandama, kokoto zilikuwa zimefunikwa, maji yametulia, na ngege wameshuka chini wanakozunguka kwa raha zao. Nikaupika kwa nazi, nikazitoa sahani kama ulivyokuwa ukizitoa. Ya Nalongo niliipeleka kwa haya, nakwambia kweli, maana maneno yako ya mtaro yalikuwa bado masikioni. Kesho yake akaileta, na kwa kuwa ameshatuzoea, haikurudi tupu. Alikuwa amepanga juu yake ndizi za bogoya, zile tamu za kuiva.

"Dodo hii iko tamu sana," akasema. "Lakini majani ya Mwalimu, hiyo siwezi sahau."

Idrisa naye alikuja kufuturu. Akalitazama tangi, akakaa, akaomba aongezwe bamia. Habari za stoo hajazirudia.

Ungedhani hapo hasira zimekwisha. Hapana, jana zimeanza upya. Nilikuwa nachambua mchicha baada ya alasiri, nikaanza kulifuatilia lile somo lako la madrasa. Ramadhani inaendelea kurudi nyuma. Itaiacha Februari, itapita Januari na Desemba, na mwishowe itaingia kwenye mvua za Novemba. Shaabani itatangulia kwenye mvua hizohizo. Na giligilani, ikipandwa Shaabani, itasitawi mpaka kokoto zisionekane. Utakuwa umesema kweli. Mtu mbishi kama wewe, ambaye hakuwahi kukubali kosa maisha yake yote, hukuhitaji kubadilisha hata neno moja. Ulihitaji kungoja tu, mwaka ungezunguka ukakufuata ulipo. Na hicho ndicho ulichoshindwa.

Mvua zikianza nitapanda kiganja kimoja cha giligilani, isiyo ya Ramadhani wala ya mtu yeyote. Nitaiacha itoe maua bila kuing'oa kwa hasira kama ulivyokuwa ukifanya, nivune mbegu, nizirudishe koponi. Nitafanya hivyo kila mwaka, ili zisizeeke kabla mwaka wako haujafika. Mimi na nizeeke.

Mola akupe kivuli huko uliko, maana cha leso kilikushinda. Samaki wako wazima.

Mkeo,
Mama Zahara