Kitanda Kisichotoka Mlangoni

Chumba cha uani
4 Machi

Mwanangu Kupe,

Salamu nyingi. Hujambo huko, na wajukuu wangu hawajambo? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikiinama kufagia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, tusielewane.

Tangu tumzike mama yenu naendelea na kazi kama kawaida. Natandika kitanda chake, asubuhi nafungua madirisha, jioni nayafunga. Siku nyingine najisahau nachemsha chai ya watu wawili, kisha naimaliza yote ili birika lisinicheke.

Sasa kuna jambo. Kaka yako alikuja Jumamosi na dalali. Walipima sebule na vyumba, wakafika huku kwangu. Dalali akauliza, "Na hii stoo?" Kaka yako hakumsahihisha. Baadaye alinishika bega, vizuri tu, akasema nyumba inauzwa, nitafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha.

Sina ugomvi naye, nimemwogesha huyo. Lakini niende wapi? Kwetu walionijua wameisha. Nilikuja hapa msichana, nikazeekea chumbani humu. Nieleze tu: nifungashe au nisifungashe?

Ni mimi,
Yaya wako

15 Machi

Yaya wangu,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, mpaka chakula kikaungua.

Usifungashe. Nimeongea na mwanasheria wa huko. Anasema mama kufariki hakukugeuzi wewe kuwa mvamizi. Chumba kilikuwa sehemu ya ujira wako, kwa hiyo wewe ni mkazi. Hutolewi bila notisi ya maandishi, na ukikataa, bila amri ya mahakama. Hakuna ruhusa ya kukubadilishia kitasa wala kukutupia vitu nje. Usitie sahihi chochote, na ufunguo usimpe mtu. Halafu nyumba tumeachiwa wawili. Bila sahihi yangu kaka hauzi hata bomba. Nilimwambia hivyo, akanikatia simu.

Nikifumba macho naisikia harufu ya chumba chako, sabuni ya kipande na nguo zilizotoka kupigwa pasi. Nakumbuka na kile kitanda, kikubwa kuliko cha mama. Sijui mtu mmoja alikitakia nini.

Mwanao,
Kupe

20 Aprili

Yaya,

Shikamoo. Barua hujajibu, simu yako haipatikani. Kaka nikimuuliza anasema tu tutaongea. Naogopa. Kama wamekutoa, niambie uko wapi. Nimeshaomba likizo, nakuja.

Mwanao,
Kupe

Chumba cha uani
2 Mei

Kupe wangu,

Marahaba, tena mara mbili kwa kuchelewa. Umeona nilikoandikia, basi shusha pumzi. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na barua niliiahirisha ili nikupe habari yenye mwisho.

Kaka yako alikuja na wabebaji wawili. Nilisimama mlangoni, ufunguo kifuani, nikamsomea maneno yako yote, notisi na mahakama. Akasema hanitoi mimi, anatoa kitanda tu, mnunuzi auone ukubwa wa chumba. Nikawapisha, maana nilikuwa najua. Wakakiinua, wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, wakageuza kichwa kikawa miguu. Wapi! Mbebaji mmoja akauliza kiliingiaje. Kaka yako akaagiza msumeno.

"Hakikuingia," nikamwambia. "Kiliundwa humu humu."

Nikamsimulia, na wewe nakusimulia, maana ulikuwa mdogo mno. Ulikuwa hulali bila kuning'ang'ania, ndiyo maana ukaitwa Kupe. Mama yenu akija kukuchukua unalia mpaka kaka yako anaamka, naye anakuja na mto wake. Tulilala watatu kwenye kitanda cha mtu mmoja, mimi nusu ya mwili iko hewani. Siku moja mama yenu akaleta fundi na mbao. Fundi akamwonya kwamba kitanda cha upana ule hakitapita mlangoni. Akamjibu, "Kwani nani kakwambia kitatoka?"

Kaka yako alikaa kitandani. Akapapasa ubao wa kichwani mpaka akazipata alama alizokuwa akizichonga kwa kijiko. Alilia, mwanangu, na mimi nikalia. Msumeno ulipofika aliurudisha mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikuja bila dalali. Anataka nyumba ya mbele iuzwe, lakini chumba hiki na njia yake vitengwe visiuzwe, nikae mpaka siku yangu. Akasema nimwamini. Nikamwambia namwamini, ila yaandikwe. Mama yenu alisema kwa mdomo, na mdomo ule tumeuzika. Hakununa. Karatasi ziko kwa mwanasheria wako, zinasubiri sahihi yako.

Basi njoo, na usihangaike kutafuta pa kulala. Upande wa ukutani bado ni wako. Ila nikwambie mapema, siku hizi nakoroma.

Yaya wako