Nukuu ya Saba na Fimbo ya Sibwesa

Jumanne, Mpanda

Ulimwengu utulie, usikilize: makala yangu ya homa ya maziwa mabichi imenukuliwa kwa mara ya saba. Mbili nimejinukuu mwenyewe, lakini saba ni saba.

Mke wangu nimemwambia nimeanguka na bodaboda. "Boda gani hiyo inayochapa mgongo peke yake, baba Neema?"

Ukweli ni kwamba nilirudi kijijini Sibwesa kuomba damu ya utafiti tena. Masanja, mfugaji, akauliza, "Majibu ya damu ya mwanangu uliyochukua yako wapi, daktari?" Nikasema yalichapishwa. Akanishushia fimbo ya ng'ombe mgongoni mpaka nikala vumbi. "Hapa ndipo panapomuuma mwanangu! Hasimami tena!"

Sikuinua mkono. Jibu la mtoto lilikuwa kwenye jedwali langu la pili, na ugonjwa unatibika. Ulaya wamelisoma. Sibwesa sikulipeleka.