Kabla Hajazaliwa

Msambweni, Jumanne, 14 Julai 1998

Kabla hajazaliwa! Bado siamini.

Miaka kumi mama mkwe wa Zuhura ameshikilia kwamba binti yangu hazai kwa sababu alimeza vidonge vya kuzuia mimba usichanani. Leo daktari wa Mombasa amesema ovari zake zina vivimbe na homoni za kiume zimezidi, ndiyo maana hedhi huruka na ndevu humwota. Wataalamu wanashuku huenda chanzo ni tumboni mwa mama. Hakika hawana.

Nikakumbuka. Tulitoroka Unguja nikiwa na mimba yake, kwa njaa na hofu.

“Ni mimi, mwanangu?”

“Mama, wee! Lawama nimevuliwa leo tu, nawe ushaanza kuzivaa?”

Kesho atamweleza mkwewe. Kanikataza kufuatana naye, nisije nikaomba radhi.